Maksai Wanane Walionuka Tembo

Wiki iliyopita mliniacha kwa kinyozi pale Darajani, nusu ya kichwa kishanyolewa na nusu bado, shuka la kinyozi linaning'inia shingoni, nami nimesimama mbele ya redio kama mtu anayesomewa hukumu.

Aliyelikosa gazeti la wiki ile asitaabike. Nitamweleza kwa maneno machache, kisha tuendelee na ubaya.

Mwaka ni sabini na moja. Mimi, Makungu, mtu wa Bwejuu niliyehamia mjini, nafanya kazi katika zizi la kunenepeshea maksai nje kidogo ya mji. Kwa kuchungulia chungu cha mke wangu Kidawa alipokuwa akiumua mkate wa kumimina, nimegundua kwamba hamira haiumui unga tu. Ichanganye na mtindi, sukari guru na pumba za mpunga, iache ilale, kisha mlishe ng'ombe kidogo kidogo. Inamfungua tumbo. Anakula, anacheua, analala, ananenepa. Si uchawi. Ndani ya hamira na mtindi mna vidudu vyema visivyoonekana, na hivyo ndivyo vinavyomsaidia kusaga majani.

Nikamwonyesha rafiki yangu Jaku. Tulikuwa tunakula sahani moja, mimi na Jaku.

Jaku akaenda kwa Bwana Mifugo, Bwana Masoud, akamwambia uji ule ni wake. Akapewa usimamizi wa zizi. Mimi nikapewa ufagio wa kinyesi na pipa la kuchemshia maji.

Sasa mtangazaji alikuwa anamuuliza redioni, kwa sauti ya heshima: "Ndugu Jaku, hebu waeleze wasikilizaji. Uji huu wa ng'ombe umeupata wapi?"

Na Jaku, mwana wa watu, akakohoa kidogo na kusema: "Nilioteshwa."

Nilioteshwa!

"Kaa nikumalizie," kinyozi akaniambia.

"Sikai."

"Utatoka hivyo? Nusu msikiti, nusu msitu?"

"Nnatoka hivi hivi."

Nikatoka. Nilivyokatiza sokoni na kichwa kile, wanawake walinipisha njia, na muuza samaki mmoja, Mungu amrehemu, alinitia changu wawili mkononi akasema ni sadaka yangu, nimwombee dua na mimi nipone.

Nilikuwa nakwenda kumpiga Jaku. Nakiri. Nilikuwa nimeshachagua na mahali: pua.

Lakini njiani, changu wawili mkononi, nikafikiri. Pua iliyopigwa hupona kwa siku tatu. Tena mpigaji hufukuzwa kazi, na mpigwaji huhurumiwa. Mimi nilitaka kitu kitakachomkaa Jaku maisha. Yeye aliniibia jina langu mbele ya watu. Basi na lake litamwondoka mbele ya watu, na watu wenyewe wawe wengi.

Nilipofika zizini nilikuwa natabasamu.

"Umepatwa na nini kichwani?" Jaku akaniuliza.

"Nimeoteshwa," nikamjibu, nikachukua ufagio wangu.

* * *

Uji ule ulikuwa na roho yake, nayo ilikaa ndani ya mtungi mmoja kwenye kibanda cha chakula. Tuliuita mama. Hamira ya kopo ilikuwa haionekani tena madukani mwaka ule, kwa hiyo kila siku ulichota katika mama ya kuumulia uji, ukabakisha kidogo, ukaongeza maji vuguvugu na sukari guru, ukafunika. Kesho yake umejaa tena. Mtungi ule ulikuwa unapumua. Ukiutegea sikio unausikia unavyonong'ona.

Maji yake yanataka kuwa ya kumkogeshea mtoto mchanga. Yakizidi joto, vile vidudu vinakufa.

Na kuchemsha maji, wasomaji wangu, ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Jaku alipokwenda kusali adhuhuri, niliingia kibandani na birika linalotokota. Nikafunua. Mama alikuwa na povu zuri jeupe. Nikamimina birika zima.

Mtungi ulipiga kelele moja ndogo, fyuuu, kisha ukanyamaza.

Nikafunika. Nikenda nikatawadha, nikamuwahi Jaku katika rakaa ya pili, nikajipanga safu moja na yeye, bega kwa bega. Nilisali vizuri sana siku ile. Mungu ndiye anayejua aliipokea vipi.

* * *

Siku ya pili uji ulilala bapa kama saruji.

"Makungu," Jaku akaniita kutoka kibandani. "Njoo uone. Mbona haufuri?"

"Weye ndiye uliyeoteshwa."

"Wacha mzaha, yakhe."

"Basi kalale tena. Pengine utaonyeshwa na dawa yake."

Akakoroga. Akaongeza sukari guru. Akaufunika kwa gunia, akaufunika kwa koti lake. Akausomea. Uji haukutikisika.

Maksai wakalinusa karai wakageuza vichwa. Walikuwa wameshazoea chakula chenye uchachu wake na povu lake, sasa wanaletewa pumba baridi. Wakawa wanadonoa majani ya matembele kama wageni wasiotaka kula kwa watu. Jaku kila asubuhi anazungusha utepe kifuani kwa Sumni, yule maksai mkubwa kuliko wote, na kila asubuhi utepe unamwambia habari mbaya.

Na siku ya mzani, ya kuwapima maksai uzito mbele ya watu, ilikuwa imekaribia.

Maana wale hawakuwa maksai wa maonyesho. Wanane wale walikuwa nyama ya Sikukuu Kubwa. Mji mzima ulikuwa unajua. Nyama ilikuwa haba mwezi ule, na watu walipopita karibu na zizi walikuwa wanawatazama maksai wetu jinsi mtu anavyoitazama sufuria ya jirani. Bwana Masoud alishawaahidi wakubwa wake kwamba uji wa Jaku utaujaza mji nyama.

Jaku akazunguka Darajani nzima kutafuta hamira. Akaonyeshwa makopo matupu. Akenda kwa waoka mikate wa Mji Mkongwe, wakamcheka. Zilipobaki siku mbili tu kabla ya mzani, ndipo nikasikia hodi nyumbani kwangu, baada ya alasiri.

"Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo, kaka."

Jaku na mimi tumezaliwa mwaka mmoja. Tangu kujuana kwetu hajapata kuniamkia. Nikaiweka ile shikamoo kifuani kwanza, ikae, ndipo nikajibu.

"Marahabaaa."

Alikuja na halua sahani nzima, imefunikwa kawa. Tukakaa barazani. Kidawa akatuletea kahawa, kisha akarudi ndani, lakini pazia la mlango halikutulia, nikajua yuko nyuma yake.

"Makungu, nimekwama," Jaku akaanza. "Uji umekufa. Keshokutwa mzani, na Sheikh Abdulla anakuja kuwatazama wanyama kama hawana kilema. Wakionekana wamekonda, Bwana Masoud atanimaliza."

"Pole."

"Nilikukosea, Makungu."

Nitawaambieni kweli hapa, maana hii ni habari ya kukiri makosa, haifai kufichana. Neno lile liliniingia. Lau Jaku angenyamaza pale pale, ningemwambia kila kitu, tukafufua mama mwingine sote wawili, na hadithi hii msingekuwa nayo.

Lakini hakunyamaza.

"Nilikukosea kidogo," akasema.

Kidogo!

Nikakiweka kikombe chini.

"Jaku, ndugu yangu," nikamwambia, "kabla ya hamira ya kopo, bibi zetu waliumulia nini mkate wa kumimina?"

Akafikiri. "Tembo la mnazi."

"Basi."

Akatazama kushoto na kulia, kama kwamba neno lenyewe limemwagika barazani. "Tembo, Makungu? Si haramu hiyo?"

"Bibi yako alikuwa haijui haramu? Likishaingia kwenye unga si tembo tena. Ni chachu."

Mpaka hapo sijasema uongo. Tembo tamu, lililoteremshwa mnazini alfajiri ile ile, ukalitia vijiko vichache ndani ya ndoo ya uji, ukauacha ulale, ukawapa ng'ombe baada ya kushiba majani, leo kidogo, kesho ukaongeza kidogo, kwa wiki mbili nzima, uji unafufuka. Haliwi kileo na halina ubaya. Hivyo ndivyo ningemwambia rafiki.

Adui nilimwambia hivi:

"Lakini tembo tamu halina nguvu. Chukua kali, lililolala siku tatu. Kila maksai vibuyu viwili vya tembo tupu, bila ya uji. Asubuhi ya mzani, kabla hawajatia jani mdomoni. Ukiwapa hivyo watataka maji, na watakunywa pipa zima. Na mzani, Jaku, haujui maji wala nyama. Unajua uzito tu."

Nikaona macho yake yanang'aa. Hapo ndipo nilipojua kuwa nimempata. Mtu mkweli angeuliza suali la pili.

"Mungu akulipe, kaka," akasema.

"Amin. Na weye pia."

Alipoondoka, pazia likafunguka.

"Baba Time," Kidawa akaniita. Time ni binti yetu. "Umemfundisha nini yule mtu?"

"Chachu."

"Mie ndiye niliyekufundisha weye chachu. Vibuyu viwili vya tembo kali si chachu. Vile ni kumlewesha mnyama wa Mungu."

"Alioteshwa, Kidawa! Redioni! Hakukutaja hata weye na chungu chako!"

"Nami nilikwambia nataka kutajwa?"

Akaichukua halua, akaitia ndani. Hakunitengea.

* * *

Siku ya mzani watu walijaa zizini tangu saa mbili asubuhi. Wakubwa wa ofisi wamo, wachinjaji wa Darajani wamo, mashangingi na mabuibui yao wamo, wamekuja kuchagua kwa macho maini watakayoyanunua. Bwana Masoud alikuja na Vespa yake mpya, akaiegesha karibu na mzani ionekane. Sheikh Abdulla akaja kwa miguu, kanzu nyeupe, mwavuli mkononi.

Mimi nilikuwa nimesimama na ufagio wangu. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Maksai watakapofika mzanini nitapaza sauti: jamani, njooni mnuse midomo ya ng'ombe hawa!

Sikuhitaji.

Lango likafunguliwa, na maksai wanane wakatoka kama watu wanaotoka kwenye harusi ya mbali.

Wa kwanza alikwenda upande upande. Wa pili alimtegemea wa kwanza. Kidoto, ambaye maisha yake yote hakupata kutoa sauti, alisimama mbele ya mashangingi, akainua shingo, akalia kwa mahadhi, akangoja, kisha akalia tena, na naapa mmoja wao alimtunza shilingi. Mwengine akaiendea Vespa ya Bwana Masoud, akainusa, akaipenda, akailalia.

"Vespa yangu!" Bwana Masoud akapiga kelele. "Jaku! Wana nini ng'ombe hawa?"

"Furaha, bwana," Jaku akajibu, jasho linamtiririka. "Wameshiba."

Ndipo Sumni akaanguka.

Alianguka pale pale mzanini, ubavu wake wa kushoto umefura kama ngoma, macho yametoka, ulimi nje. Tembo na maji vilikuwa vimechachuka tumboni na upepo hauna pa kutokea. Wachinjaji wakapiga mbio kutafuta kisu, maana akifa kabla ya kuchinjwa ni kibudu, hana faida kwa yeyote.

Na mimi? Nilitaka kusimama nitazame. Hilo nalikiri pia. Nilisema moyoni: afe, na Jaku afe naye.

Lakini Sumni akaniangalia. Mimi ndiye niliyemlisha gao la kwanza la uji wangu kwa mkono wangu huu. Nikautupa ufagio.

"Mwinueni! Mwelekezeni kichwa juu mlimani! Nipeni mafuta ya nazi, chupa nzima, na kijiti!"

Wakaniletea. Nikamfunga kijiti mdomoni kama lijamu ili atafune. Nikamnywesha mafuta. Nikauegemea ubavu kwa viganja viwili nikawa naukanda, naukanda, mpaka mikono ikafa ganzi. Watu wameacha kupumua. Sheikh Abdulla ameinama karibu kabisa na kichwa cha mnyama, anamsomea.

Sumni akatafuna. Akatafuna. Kisha akateuka, upepo wote ukamtoka mdomoni.

Nimeishi miaka mingi, nimesikia mizinga ya Sikukuu na radi za masika, lakini teuko lile sijalisikia tena. Lilimpiga Sheikh Abdulla uso mzima. Mwavuli ulifunguka wenyewe.

Ubavu ukanywea. Sumni akasimama. Watu wakapiga vigelegele.

Sheikh akapangusa uso wake polepole.

"Hii harufu ni ya nini?" akauliza.

Watu wote pale waliijua ile harufu, lakini kujibu ni kukiri kwamba unaijua.

Bwana Masoud akapita katikati ya watu. Aliniendea mimi kwanza, akanishika mkono mbele ya umati.

"Makungu, umeokoa mali ya umma. Kumbe mtu anayewajua ng'ombe hapa ni weye! Kuanzia leo msimamizi wa zizi hili ni weye. Jaku, nipe funguo."

Jaku akazitoa. Zikaja mkononi mwangu, zina joto la mfuko wake.

Ah, wasomaji wangu. Sijui nikwambieni nini. Nimekula pilau za maharusi, nimepata watoto, nimekwenda hija. Lakini zile funguo! Nilizipokea taratibu ili watu wote wawahi kuona. Nikamwendea Jaku, nikamwokotea ule ufagio, nikamkabidhi.

"Shika, kaka," nikamwambia. "Anza na pale alipolala Kidoto."

* * *

Furaha yangu ilidumu kiasi cha mtu kunywa kikombe kimoja cha kahawa.

"Hawa hawachinjwi," Sheikh Abdulla akasema.

"Vipi, Sheikh?" Bwana Masoud akashtuka.

"Wamelishwa najisi. Tumbo limejaa tembo. Wafungwe, walishwe kilicho safi, mpaka harufu itoke na miili isafike. Wanavyuoni wengine wamesema siku thelathini kwa ng'ombe."

"Sikukuu ni baada ya siku tisa!"

"Sikukuu itafika," Sheikh akasema. "Nyama yake ndiyo haitafika."

Sijapata kuona umati ukigeuka hivyo. Wale waliokuwa wanapiga vigelegele wakaanza kuuliza ni nani. Ni nani aliyewalisha? Ni nani aliyetuharibia Sikukuu yetu? Mama mmoja mnene akavua kiatu akakishika mkononi, yuko tayari, anangoja jina tu.

Bwana Masoud akamgeukia Jaku. "Umewalisha tembo?"

"Nimewalisha," Jaku akasema.

Kiatu kikainuka.

"Lakini nilifundishwa."

"Na nani?"

Jaku akanitazama. Mimi nikazishika funguo zikaniuma kiganjani. Nikangoja anitaje, nimwite mzushi, anayenisingizia kwa sababu nimemchukulia cheo. Maneno nilikuwa nimeshayapanga yote.

"Simtaji," Jaku akasema.

"Nini?"

"Nikimtaja atakana, nanyi mtasema nina choyo. Sitaki kumtaja. Nataka tuapishwe. Sote tunaofanya kazi humu, mmoja mmoja, msikitini, mkono juu ya Msahafu, mbele ya Sheikh. Nianze mimi. Aliyenifundisha atajulikana palepale."

Bwana Masoud akamtazama Sheikh. Sheikh akaitikia kwa kichwa.

"Alasiri," akasema. "Atakayekataa kuapa, ndiye."

Na yule mama mnene akavaa kiatu chake. "Alasiri na mie nipo," akasema. "Nitakaa nje mlangoni."

* * *

Nilikwenda nyumbani kubadilisha kanzu. Habari zilishanitangulia. Kidawa alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono mapajani, hapiki.

"Nimekuwa msimamizi," nikamwambia.

"Nshasikia. Unakwenda kuapa nini?"

"Nitatafuta maneno."

"Baba Time, niangalie." Nikamwangalia. "Ukiapa uongo juu ya Msahafu, usirudi kwenye kitanda changu. Sisemi kwa hasira. Nnaogopa. Nnaogopa kulala na mtu wa namna hiyo, na nnaogopa na Time asipatwe na jambo."

"Na nikisema kweli? Umewaona watu? Watanipiga mawe. Funguo zitarudi kwa Jaku kabla ya magharibi, na mimi sitapewa hata ufagio. Atashinda, Kidawa! Baada ya yote, atashinda yeye!"

"Basi ashinde."

"Haiwezekani."

Akageuza uso. Nikavaa kanzu nikatoka.

* * *

Msikiti ulijaa mpaka barazani. Bwana Masoud safu ya mbele, na alama ya mafuta ya Vespa kwenye suruali. Sheikh Abdulla ameuweka Msahafu juu ya marufaa.

Jaku akaenda kwanza. Akaweka mkono.

"Wallahi, billahi, tallahi. Tembo nimelinunua mimi na kuwalisha nimewalisha mimi, kwa tamaa yangu ya mzani. Lakini rai haikuwa yangu. Nilifundishwa na mtu wa zizini. Na ule uji wa hamira pia haukuwa wangu. Sikuoteshwa. Niliuiba."

Msikiti mzima ukavuta pumzi. Alilolisema ndilo nililokuwa nalitaka kulisikia mwaka mzima, na amelisema mbele ya watu, na sikupata ladha yake hata kidogo. Jaku akarudi akakaa. Uso wake ulikuwa mweupe, kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Zamu yako, kaka," akaninong'oneza nilipompita.

Wafagiaji wawili na mlinzi wakaapa kwa sauti za kutetemeka. Hawakujua lolote. Nikabaki mimi.

Nilishatawadha mara tatu. Maneno nilikuwa nimeyatafuta njia nzima, na nilikuwa nimeyapata. Nikauweka mkono wa kulia juu ya Msahafu, nikainua sauti ili wa barazani wanisikie.

"Wallahi, billahi, tallahi! Mkono wangu huu haujapata kumlisha ng'ombe tembo. Haujalinunua, haujalibeba, haujaligusa. Kama nimesema uongo, mkono huu ukatike!"

Na kila neno lilikuwa kweli.

Nikasikia watu wanashusha pumzi. "Makungu hayumo," mtu mmoja akasema nyuma. Bwana Masoud akanitabasamia, akaanza kuinuka. Jaku akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Nilikuwa nimeshinda. Nimeshinda na kiapo changu ni safi, hata Kidawa hana la kunihukumu.

Nikataka kuuondoa mkono.

Sheikh Abdulla akauweka wake juu ya wangu. Haukuwa mzito, lakini haukuondoka.

"Umeuapia mkono," akasema taratibu, kwa sauti ya kunisikilizisha mimi na safu ya mbele tu. "Nimekubali. Sasa, Makungu, niapie ulimi."

Bwana Masoud akakaa tena. Jaku akainua uso.

Nikafungua mdomo.